Gesi inatoka Msimbati, mtungi unatoka Dar: wana Mtwara na Lindi tunapikia nini?

KucheleAsilia (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Nauleta huu uzi maana kila nikipita kijiwe chochote pale Chikongola swali ni lile lile, gesi ni yetu, inatoka hapo Msimbati, inapita kiwanda cha kusafishia cha Madimba inaingia kwenye bomba hadi Dar, sasa kwa nini sisi tunanunua mtungi ghali kuliko wa Dar? Mtu akishalalamika hivyo anaaga, anarudi nyumbani anakuta mkaa unapulizwa. Gesi ya Mnazi Bay, hapo hapo Msimbati, imegunduliwa 1982, bomba limezinduliwa 2015, na mkaa bado tunapuliza.

Tuwekane sawa kwanza. Gesi ya mtungini sio gesi ya Msimbati kabisa. Ya Msimbati karibu yote ni methani. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja na meli kutoka nje, inashushwa Dar na Tanga, inajazwa kwenye mitungi ndo inapanda lori kuja huku, na nauli ya lori unailipa wewe. Propani na butani ukizibana kidogo tu zinageuka maji maji, ndo maana ukitikisa mtungi unasikia inacheza ndani. Methani kwa joto letu hili uibane mpaka uchoke, haiwi maji. Mpaka uipoze ifike nyuzi 162 chini ya sifuri, na hiyo ndo kazi ya kile kiwanda cha Likong'o, Lindi, kinachosemwa kitajengwa kila mwaka. Au uibane mara 200 ya hewa ya kawaida kama wanavyojaza kwenye magari, na chuma cha kuhimili mbano huo hakuna mama wa kukibeba kichwani.

Kwa hiyo gesi ya Msimbati ili ifike jikoni lazima ije kwa bomba, mlango kwa mlango. Kuna nyumba mia kadhaa Mtwara mjini na upande wa Lindi zimeunganishwa, walionayo wanajua raha yake. Ila mtu wa Kitangari, wa Nanyamba, wa Liwale, bomba litamfikia lini?

Mi hoja yangu ni hii, tuache kusubiri bomba, tuangalie ni chakula gani kinachokula moto. Chai haili moto. Ugali hauli moto, samaki wa kukaanga ndo kabisa. Kinachomaliza mkaa ni mbaazi, kunde, maharage, kisamvu, makande, utumbo. Hivyo ndo vya kuhamishia kwenye umeme, na sio jiko la koili lile la sahani nyekundu, nazungumzia presha kuka ya umeme. Maharage nusu kilo inakula kama nusu uniti hivi. Ukiwa kwenye uniti za shilingi 122 kila moja, hapo umetumia shilingi sitini na kidogo. Kwenye mkaa chungu hicho hicho mkaa wa buku unaweza usitoshe.

Karibuni, matusi hapana.

Mnewala_Halisi

Mkuu umetema kemia mpaka nimekumbuka fomu tuu. Sasa nikuulize kitu kimoja tu, umeme wenyewe uko wapi? Juzi hapa umekatika saa kumi na moja jioni umerudi watu wameshalala. Hiyo presha kuka yako ningeifungua nikakuta mbaazi zimelowa tu.

KucheleAsilia

Mnewala kaka, nakuelewa. Ila sikia, umeme ukikatika katikati lile dude linabaki limefungwa na mvuke wake, lina koti la kuzuia joto, linaendelea kuivisha lenyewe kwa muda. Usifungue. Alafu mbaazi sio lazima upike jioni. Pika asubuhi saa mbili, jioni unaunga tu.

Mnewala_Halisi

Asubuhi tuko shamba mkuu 😂 msimu wa korosho huo nani anakaa nyumbani kulinda kidude cha umeme.

MamaKisamvu

Hamjambo wanangu. Mimi nalo ninalo hilo jiko, kaniletea binti yangu, na nilivyoliona nikasema hili la wazungu la kupikia supu za mgonjwa. Sasa hivi napika hata kisamvu. Lakini niwaambie jambo maana naona vijana mnasema tia funga ondoka. Kisamvu usikitie ukafunga hapo hapo. Majani ya muhogo yana sumu yake, hasa huu muhogo mchungu, ndo maana bibi zetu walitwanga mpaka kikalainika kabisa alafu wakachemsha chungu wazi. Hiyo sumu inatoka na mvuke. Kwa hiyo bonyeza kile kitufe cha kukaangia, mfuniko pembeni, kichemke wazi kwanza harufu ya ubichi iishe. Hapo ndo unafunga. Kikishaiva, mvuke ukishaisha wenyewe, unafungua unatia tui zito na karanga au korosho za kusaga, unaacha wazi kitokote kidogo. Tui ukilitia mwanzo likapigwa presha linakatika, unapata mafuta juu na maji chini.

Kisamvu cha mkaa kwangu kilikuwa shughuli ya asubuhi mpaka adhuhuri. Sasa kikianza watoto wakiwa shule wakirudi wanakula.

FundiSola_MnaziMmoja

Mama shkamoo, hiyo ya kuchemsha wazi kwanza watu wengi hawaijui, asante.

Sasa nije kwa mwenye uzi. Hesabu yako ya uniti 122 ni nzuri lakini umeacha kitu kikubwa. Bei hiyo ni ya mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, kila uniti ya juu unalipa kama mara tatu au zaidi. Presha kuka ukiitumia kila siku weka uniti moja kwa siku, hizo 30 zimeondoka. Unabaki na 45 za taa, tv, feni, friji. Watu wataingia kichwa kichwa alafu waje kumlaani mleta uzi.

Ila suluhisho lipo na halihitaji hela nyingi. Nikiingia nyumba za watu kufunga sola au kurekebisha waya naona vitu viwili kila siku. Cha kwanza ni globu za njano zile za wati 60, mtu kaweka moja barazani, moja uani, moja choo, sebuleni, chumbani. Tano hizo, ziwake masaa matano, ni uniti moja na nusu kwa siku, 45 kwa mwezi! Weka LED ya wati 9, tano hizo hizo, masaa yale yale, hazifiki uniti 7 kwa mwezi. Umeokoa kama uniti 38, na presha kuka inakula 30. Yaani kwa kubadili globu tu umepata umeme wa kupikia ndani ya 75 zako.

Cha pili ni friji la mtumba. Mpira wa mlango umelegea, ukipitisha karatasi inatoka bila kushikwa, compresa inanguruma mchana na usiku. Friji la namna hiyo linaweza kula uniti mbili mpaka tatu kwa siku wakati jipya dogo zuri linakula chini ya moja. Mtu ananunua la mtumba kwa bei ya kutupa, analipia kwenye LUKU miaka yote. Hili nikianza kulisema sitamaliza, wateja wangu wanajua.

Kijana_Ligula

Fundi kwani sola haiwezi kupika? Nina paneli ya 200 na betri ya 100.

FundiSola_MnaziMmoja

Haiwezi dogo. Paneli ya wati 200 kwa jua letu la kusini, masaa kama matano ya jua kali, ukitoa vumbi na joto na upotevu unapata robo tatu ya uniti kwa siku. Betri yako ya asidi ya 100Ah ina uniti moja na kidogo, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Presha kuka ikiwashwa inavuta wati 1000, inveta yako itapiga kelele, betri itakufa mapema. Sola hiyo iachie taa, simu, tv, redio. Ikupunguzie uniti kwenye mita, uniti za mita ndo upikie. Na paneli uifute vumbi asubuhi na kitambaa chenye maji, usisubiri mvua.

Dagaa_Mikindani

Mmejaa jikoni tu, tokeni baharini kidogo. Sisi wa dagaa zamani usiku tulienda na karabai, chombo kimoja karabai kadhaa, mafuta ya taa, kimantoni, kile kifuko cha kuwakia, kikipigwa na upepo au maji kinakatika, unawasha kingine chombo kinayumba na mikono ina chumvi. Ukifika asubuhi ukitoa hela ya mafuta ya taa na petroli ya mashine unabaki na harufu. Siku hizi wengi ni taa za LED na betri, betri inachajiwa mchana kwa sola au kwa umeme, usiku unashusha. Mwanga uko sawa na dagaa hawajali unatoka wapi. Hakuna aliyekuja kutufundisha mabadiliko ya tabianchi, tulihesabu mafuta tu.

Kinachotusumbua sasa hivi ni betri kuuziwa feki, imeandikwa hivi ndani hamna kitu.

TwendeNaHoja

Mwenye uzi umekwepa swali kubwa. Mnaita gesi nishati safi, safi kwa nani? Methani ikiungua inatoa hewa ya ukaa karibu nusu ya makaa ya mawe, sawa, hapo inashinda. Lakini ikivuja kabla ya kuungua, iwe kisimani, kwenye bomba au kwenye kiungio, kwa miaka 20 inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa. Na sisi ndo tunaoonja. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara watu wakaambiwa wahame mabondeni. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikakata barabara ya Dar pale Somanga na sehemu nyingine, kusini tukawa kisiwa. Alafu tunashangilia gesi ya nchi, futi za ujazo trilioni 57, kana kwamba hazitaungua popote.

Muuza_Mitungi_Lindi

Hiyo ya Somanga mimi ni shahidi. Mzigo wangu wa mitungi ulikaa upande wa pili wa maji, hapa dukani nina mitungi mitupu imejipanga kama wagonjwa wa kliniki na wateja wananiangalia mimi utadhani nimeibomoa barabara mwenyewe. Wiki hiyo muuza mkaa wa jirani alinenepa.

Ila nisimamie biashara yangu kidogo. Gesi ya mtungi kwa ugali, chai, kukaanga, hakuna kama hiyo, unawasha unazima. Msiitumie kwa maharage. Mtu ananunua wa kilo 6 elfu ishirini na kitu, anachemshia makande, wiki mbili umeisha anakuja kuniambia nimempunja.

KucheleAsilia

TwendeNaHoja sijakwepa. Soma tena, sijasema gesi iokoe dunia. Nimesema mama wa Chikongola anavuta moshi leo. Shirika la Afya Duniani, WHO, walihesabu vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na moshi wa majumbani, na hapo ni kuni, mkaa, mafuta ya taa. Ukimlinganisha huyo mama na gesi inayovuja ya kwenye kitabu, mi namchagua mama. Kuhusu kuvuja niko na wewe, wanaochimba wabanwe, na kuvuja ni hasara yao pia.

Na umeme unaozidi kuja nchi hii ni wa maji, bwawa la Julius Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Sisi kusini kwa miaka mingi tulijitegemea na mitambo ya gesi hapa Mtwara, nje ya gridi ya taifa. Kadri tunavyoungwa vizuri na gridi, presha kuka hiyo hiyo inazidi kuwa safi bila wewe kununua nyingine. Hiyo ndo tofauti ya umeme na mtungi.

TwendeNaHoja

Hapo sawa. Ila maji nayo yakikauka? Tumeshaona migao ya umeme kwa sababu ya ukame nchi hii.

KucheleAsilia

Ndo maana gesi na maji vishikane mikono, na sola iongezwe. Kimoja peke yake hakitoshi, hilo sibishani.

Babu_wa_Liwale

Mnasema mkaa mkaa. Hamjui unavyochomwa. Unakata magogo ya miombo, unapanga, unafunika na majani na udongo, unawasha, unalinda tanuri siku na usiku, likitoboka upepo ukiingia yote inakuwa majivu. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za mti mkavu zinakupa kilo 10 mpaka 20 za mkaa, ukiwa fundi. Iliyobaki imekwenda hewani. Alafu ule mkaa unakwenda kuwekwa kwenye jiko la bati ambalo moto wake zaidi ya robo tatu unapotea pembeni. Sasa piga hesabu mti ule umepikia nini.

Wanaoshindwa kuacha mkaa basi wanunue jiko lenye udongo ndani. Hilo linapunguza mkaa kwelikweli na bei yake sio ya kutisha.

Mbanguaji_Tandahimba

Nimesoma wote hakuna aliyetaja maganda ya korosho na tumejaa nayo. Korosho ghafi kilo 1000 ukibangua, maganda ni kama kilo 700. Yana mafuta ndani, yanawaka kuliko kuni yoyote mnayoijua.

Kijana_Ligula

Sasa si tupikie hayo? Bure kabisa.

Mbanguaji_Tandahimba

Jaribu uone. Ganda bichi ukilitia motoni linatema mafuta, yanaruka tss tss, moshi mweusi mzito unakaba koo na macho yanawasha. Yale mafuta ni makali, sisi wabanguaji ndo maana tunapaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kushika, ukizembea ngozi inababuka inatoka kama ya nyoka. Usithubutu kuwasha ndani ya nyumba, na sufuria litakuwa jeusi mpaka ulitupe.

Njia yake ni kuyakamua mafuta kwanza. Mafuta yenyewe ni mali, yanatengenezea rangi na breki za magari. Makapi yanayobaki ndo unachomea kwenye boila ya kiwanda, au unayachoma bila hewa ukapata mkaa wa kusaga na kubana. Huo sasa unaingia jikoni.

Lakini kuna kitu kinaniuma zaidi. Msimu wa 2024/25 nchi imevuna zaidi ya tani 500,000 za korosho na nyingi zimepanda meli zikiwa ghafi. Korosho ghafi maana yake na ganda lake. Yaani tunapakia kuni na mafuta kwenye makontena, bandari yetu wenyewe, tunawapelekea Wahindi na Wavietinamu wakawashie viwanda vyao, alafu tunarudi Liwale kukata miombo.

Babu_wa_Liwale

Hapo umesema mjukuu wangu.

Mnewala_Halisi

Daah hii ya kusafirisha ganda sikuwahi kuifikiria. Na pale minadani hakuna anayeulizia ganda.

Mwl_Ruangwa

Wakuu mimi niko shule ya bweni, naomba niongezee upande wa taasisi. Serikali ilishazuia kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameshahama ikifika 2034. Agizo ni zuri. Lakini kwenye jiko letu kuna masufuria ya lita mia na zaidi, maharage kila siku, na jiko la gesi la ukubwa huo ukiomba bei unakaa chini kwanza. Hapa Ruangwa kama kungekuwa na makapi ya korosho yaliyobanwa vizuri, kwa bei ya kueleweka, kwenye jiko lenye bomba la moshi, tungehama kesho.

Wakati tunasubiri tulichofanya ni kitu cha bure kabisa. Tunaloweka maharage usiku, yale maji tunamwaga, asubuhi tunapika. Kuni zimepungua mpaka mpishi mwenyewe akawa anauliza nani anaiba maharage maana yanaiva haraka. Na mfuniko! Shule ngapi zinapikia sufuria wazi? Moto unapasha joto angani.

MamaKisamvu

Mwalimu hiyo ya kuloweka ndo dawa hata kwa hili jiko la umeme. Mbaazi kavu ukiziloweka usiku unapunguza muda sana.

Muuza_Mitungi_Lindi

Mwalimu njoo dukani tuongee bei ya mitungi ya shule 😅

Mwl_Ruangwa

Nitakuja na bwana fedha, mwandalie kiti.

Kijana_Ligula

Kwa hiyo muhtasari mi mpangaji, chumba kimoja, mita ya kushea na wenzangu wanne, ninunue hiyo presha kuka au hapana?

FundiSola_MnaziMmoja

Mita ya kushea watu watano hapo 75 mlishaivuka zamani, mnalipa bei ya juu. Hata hivyo nusu uniti kwa bei ya juu ni kama shilingi 180, bado ni nafuu kuliko mkaa. Tatizo lako litakuwa ugomvi na wapangaji, kaongee nao mapema mwekeane utaratibu, au ununue mita ndogo ya kupachika kwenye soketi inayosoma uniti, wakisema umekula umeme wote unawaonyesha. Na usichomeke kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Wati 1000 inataka soketi ya ukutani na waya wa 2.5, nimeshaona ekstensheni zilizoyeyuka.

Kijana_Ligula

Sawa fundi. Lita ngapi?

MamaKisamvu

Mwanangu uko peke yako lita nne inatosha, ila ukioa utajuta. Chukua sita. Na kabla hujalipa fungua mfuniko angalia ule mpira wa ndani, uliza kama unauzwa peke yake, maana wa kwangu ulilegea mvuke ukawa unatoka pembeni na hapa mjini nimezunguka maduka sijaupata mpaka nikaagiza Dar.

Muuza_Mitungi_Lindi

Mama mipira hiyo ninayo, ya lita tano na sita. Ya nne bado haijaingia.

MamaKisamvu

Niwekee miwili ya sita, mjukuu wangu anapita Lindi Jumamosi.